Nusu Lita ya Mama

Mimi ni mwalimu mwenye hasira za karibu, na hakuna kinachoziamsha haraka kuliko mfereji ulioachwa wazi. Wanafunzi wangu wanalijua hilo. Shule yetu iko Kamenu, hapa Thika, na maji ya mgao hutufikia Jumanne na Ijumaa, wiki nyingine yasije kabisa. Sasa fikiria Jumanne saa nne asubuhi, watoto wamekunywa, wamerushiana, wamekimbilia uwanjani, na mifereji mitatu inatiririka peke yake. Nilikuwa napiga kelele mpaka mpishi anatoka jikoni na mwiko mkononi, akidhani kuna mtoto ameumia.

Ndiyo maana mwalimu mkuu alipotafuta mtu wa kuongoza chama cha mazingira, hakuuliza nani anataka. Aliandika jina langu.

Tulianza na vitu vidogo. Tulitundika vibuyu chirizi nje ya vyoo, yaani mitungi ya mafuta ya kupikia iliyotobolewa tundu moja dogo, ili mtoto anawe mikono kwa maji ya kikombe. Maji ya kuoshea sufuria za uji yalikwenda kwenye sukuma wiki. Maji yaliyopiga deki Gredi ya Nne yalipiga deki veranda, kisha yakamwagwa chooni. Wageni waliotutembelea walinisifu kwa hilo, wakauliza nimelisoma wapi. Sikulisoma popote. Nililirithi kwa mama, ambaye hakuruhusu maji yatoke nyumbani kwake kabla ya kufanya kazi tatu.

Mama alikulia juu huko, karibu na mto Chania, na ujana wake wote aliteka maji mtoni, pipa mgongoni na mkanda wa ngozi umepita juu ya kichwa. Ule mkanda ulimwachia bonde kichwani ambalo halikufutika. Nilipokuwa nikimsuka, kidole changu kilizama hapo. Mtu aliyebeba maji kwa kichwa chake hayamwagi ovyo, na hakuhitaji mwalimu wa kumwambia.

Figo zake zilipokataa kazi, alikuwa anaishi kwa kaka yangu, kule Membley, Ruiru. Kaka ana nyumba nzuri, kisima cha mtaa mzima wenye geti, na majani mbele ya nyumba yanayonyunyiziwa kila jioni, jambo tulilogombania mara nyingi. Lakini hospitali yenye mashine ya kusafisha damu, aliyopangiwa mama, ilikuwa Thika, karibu na kwangu. Kwa hiyo mama akahamia kwangu, nikampa chumba changu cha kulala, mimi nikawa wa kochi. Mara mbili kwa wiki nilimpeleka kwenye mashine.

Daktari alitueleza kwa upole. Figo hazitoi mkojo tena, alisema, kwa hiyo maji yakiingia hayana pa kutokea. Yatashuka miguuni, kisha yatapanda mapafuni, na mtu anaweza kuzama akiwa kitandani kwake. Nusu lita kwa siku, basi. Chai imo humo, mchuzi umo humo, maji ya kumezea dawa yamo humo. Alipomaliza alinitazama mimi badala ya mama.

“Wewe ndiye mwalimu? Basi hii kazi naachia wewe.”

Kwetu Wagikuyu msichana wa pili hupewa jina la nyanya yake mzaa mama. Dada yangu mkubwa yuko kazini Uarabuni; wa pili ni mimi. Kwa sababu hiyo mama hakuwahi kuniita jina langu. Aliniita maitu, mama yangu, tangu nilipokuwa mtoto mchanga, na mimi nikamwita mami, tukawa tunaitana mama huku na huku, watu wa nje wakicheka. Niliona ni mzaha tu wa ukoo wetu. Haukuwa mzaha tena siku alipoanza kuniomba maji.

“Maitu, nina kiu.”

“Bado, mami. Utapata jioni.”

“Jioni iko wapi?”

Nilimpa vipande vya limau avifyonze. Nilimlowesha midomo kwa pamba. Nusu lita ni vikombe viwili, kimoja cha asubuhi na kimoja cha jioni, na nilimpa kila kikombe kwa vijiko ili kichukue muda mrefu. Kiu ya ugonjwa ule si kiu ya jua. Alisema ulimi umekuwa kama wa mtu mwingine.

Muhula wa pili niliwapa Gredi ya Tano kazi ya wiki nzima. Kila mtoto achore jedwali: kunywa, kupika, kuoga, kufua, kusafisha nyumba. Kila jioni aulize nyumbani, apime, aandike lita. Nyumba itakayotumia maji kidogo kuliko zote itapata cheti. Wakanung'unika, nikawaambia hata mimi nitaandika ya kwangu, na Ijumaa nitayaweka ubaoni waone kama mwalimu ni mwongo.

Mama aliipenda kazi hiyo kuliko mtu yeyote. Nikirudi jioni alikuwa ananisubiri na hesabu zake.

“Andika ya mchele. Umeandika miguu? Uliosha miguu asubuhi, nilisikia.”

“Ilikuwa kidogo, mami.”

“Kidogo ni ngapi? Si ndio unafundisha watoto?”

Ijumaa ikafika, nikayaandika ubaoni. Mstari wa kunywa niliugawa mara mbili, mimi na mtu wa pili. Mimi lita mbili, lita mbili, lita moja na nusu. Mtu wa pili nusu lita, nusu lita, nusu lita, kutoka mwanzo wa wiki mpaka mwisho. Msichana mmoja wa dawati la mbele, mwepesi wa hesabu na mwepesi zaidi wa mdomo, akainua mkono.

“Mwalimu, huyo wa nusu lita ni baby?”

“Ni mama yangu.”

“Shosho?”

“Eeh, kwenu angekuwa shosho, nyanya yenu.”

Aliangalia tena ubao, akafikiri. “Kwani alikosea nini?”

Darasa lilicheka. Mimi niliweka chaki mezani. Kisha nikawatoa nje, nikawapeleka kwenye vibuyu chirizi, nikaziba tundu la kimoja kwa kidole na kumwambia mtoto aendelee kujaza. Kilijaa, kikafurika, kikamlowesha miguu. Hivyo ndivyo figo zinavyokuwa, niliwaambia, zikizibika. Mgonjwa hanyimwi kwa ubaya. Walielewa. Watoto huelewa haraka kitu kikiwalowesha viatu.

Tuliporudi darasani tulijumlisha lita za kila nyumba. Nyumba nyingine zilikuwa na watu wanane, nyingine mtoto alikuwa amebuni namba. Yule msichana hakupenda tulivyojumlisha. Alisema watu wahesabiwe mmoja mmoja, maana si haki mtu wa watoto wengi ashindwe na mtu wa mtoto mmoja. Na tukihesabu hivyo, alisema, hakuna mtu anayemfikia shosho wa mwalimu. Hanywi, haogi sana, hafui. Yeye ndiye namba moja.

Ningeweza kukataa. Mimi ndiye niliyeweka sheria kwamba mwenye kutumia kidogo ndiye mshindi, na sikuwa nimeuliza anatumia kidogo kwa nini. Badala yake niliwaacha wapige makofi ya kilo, wakamchorea cheti kwa kalamu za rangi, na tone la maji lenye macho na tabasamu. Bingwa wa Kuhifadhi Maji, waliandika. Wote thelathini na wanane wakatia sahihi nyuma.

Mama alicheka mpaka akakohoa. Hakupita darasa la tatu, maana siku za shule ndizo zilizokuwa siku za maji, na sasa alikuwa na cheti. Alinifanya nikibandike ukutani juu ya kitanda.

“Mungu ni mkubwa,” alisema. “Nimepita mtihani wa kiu.”

Nilicheka naye. Nilijivuna pia, na hilo ndilo linaloniuma. Kuanzia siku hiyo nilianza kulinda ile nusu lita kana kwamba ni yangu. Nilitoa mchuzi kwenye sahani yake nikaupima. Nilihesabu maji yaliyo ndani ya chungwa. Hospitalini wauguzi waliniambia hawajaona mgonjwa anayeongezeka uzito kidogo hivyo kati ya siku za mashine, nikarudi nyumbani nikiwa nimevimba kichwa.

Asubuhi moja nilimshika. Nilikuwa nimempa maji ya kusukutua mdomo, kikombe nusu, na beseni la kutemea. Nilipochukua beseni lilikuwa karibu kavu.

“Mami, umemeza.”

“Yameteleza.”

“Yote?”

Nilimgombeza. Nilimgombeza kwa sauti ileile ya Jumanne saa nne, ile ya mifereji, na nikasikia mwenyewe kwamba ni ileile na sikuipunguza. Nilimwambia anajiua. Nilimwambia nimechoka kumlinda kama mtoto. Alikaa pembeni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, akingoja nimalize, kisha akaomba msamaha. Mwanamke wa miaka sabini na kitu akaniomba mimi msamaha kwa funda tatu za maji. Nilikubali msamaha huo, nikaenda kazini.

Mwezi wa tisa mwili wake ulianza kukataa mashine. Shinikizo la damu lilikuwa linashuka wakimuunganisha, na mara mbili walimtoa katikati. Mara ya tatu daktari alituita, mimi na kaka yangu, akatusimamisha kwenye korido karibu na dirisha.

“Mashine sasa inamchosha kuliko inavyomsaidia,” alisema. “Tumpumzishe. Mrudisheni nyumbani akae na watu wake. Ale anachotaka. Anywe anachotaka.”

Kaka alitoa kitambaa akajifuta macho. Mimi nikauliza swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka alama.

“Kwa hivyo tubaki na nusu lita, ama tupunguze, kwa sababu mashine haiko?”

Daktari alinitazama muda. “Mwalimu,” alisema, “mpe maji.”

Nilisikia. Nataka ijulikane kwamba nilisikia, maana baadaye watu walinitetea wakisema labda sikuelewa. Nilielewa kabisa. Lakini maneno yale yalikuwa na mlango upande wa pili, na sikutaka kuufungua. Siku nitakayompa mama maji anavyotaka ndiyo siku nitakayokuwa nimekubali kwamba anakufa. Mradi napima, bado ni mgonjwa. Kina mama wa kanisa waliokuja kuomba nasi waliniongezea nguvu bila kujua. Walisema Mungu hajamaliza na yeye, nami nikawaza, basi asimkute amevimba.

Jumapili iliyofuata kaka alikuja kutoka Ruiru. Alikuwa amebeba chupa kubwa ya maji kutoka friji yake, imefunikwa kwa taulo ili ibaki baridi, na nje ilikuwa inatoa jasho. Aliingia moja kwa moja chumbani. Nilipofika mlangoni alikuwa tayari amejaza glasi na mama amenyoosha mikono yote miwili.

Niliichukua ile glasi kabla haijafika.

“Wewe, ni nini?” kaka alisema. “Si daktari alisema apewe?”

“Unataka azame?”

“Nataka akunywe maji! Ai, hata mfungwa hupewa maji!”

“Wewe unakuja Jumapili na chupa, unaonekana mzuri. Mimi ndio niko hapa usiku akishindwa kupumua.”

“Hajashindwa kupumua.”

“Kwa sababu napima!”

Kisha aliniuliza polepole, jinsi mtu anavyomuuliza mtoto, “Unafikiri atapona?”

Nilichukua chupa pia, nikaenda jikoni na kuimwaga yote kwenye sinki. Mimi. Maji masafi, baridi, lita mbili, na mlango wa chumba ulikuwa wazi na mama alikuwa anaona. Yalipoisha nilisikia sauti yake.

“Maitu, hata hayajafanya kazi moja.”

Kaka aliondoka bila kunywa chai. Alikuwa mpole tangu utotoni, na alinipenda, na nadhani aliogopa kunivunja mbele ya mama. Natamani angenisukuma pembeni. Natamani angenipiga kofi.

Siku ile ya mwisho ilikuwa Jumamosi. Asubuhi mama aliamka na uso mwepesi, akaniuliza habari za wanafunzi wangu, akamwulizia hasa yule wa dawati la mbele. Nilimpa kikombe chake cha asubuhi kwa vijiko. Kufikia saa sita mchana akaomba cha jioni, nikampa nusu yake kwa sababu jua lilikuwa kali na nilijiona mwenye huruma. Saa nane akamaliza nusu ya pili. Nusu lita ikawa imekwisha na siku ilikuwa bado ndefu.

Saa tisa na kitu nilikuwa nimekaa kwenye kiti kando yake nasahihisha madaftari. Aliniita.

“Maitu, nipe maji.”

“Yameisha, mami. Kesho asubuhi.”

“Kikombe kimoja tu.”

“Mami, si tunajua hesabu.”

Aligeuza uso. Nilidhani amekasirika, nikaendelea kusahihisha. Baada ya muda alisema kwa Kikuyu, sauti ya chini, bila lawama yoyote, kwamba mtoni walikuwa wanainama na kunywa kwanza kabla ya kujaza mapipa. Wanainama tu, wanatia mdomo majini, hakuna wa kuwaambia yametosha. Nilisema ndiyo, ndiyo, mami, nikageuza ukurasa. Nilipomaliza daftari lile nilimtazama. Macho yalikuwa nusu wazi, na midomo imekauka imepasuka katikati. Nilimgusa. Nilimwita mami, kisha nikamwita maitu, jina ambalo lilikuwa langu.

Kaka alifika kabla ya jua kuzama. Majirani walifika kabla yake. Kwetu nyumba ya msiba haikai bila chai, na kina mama wa kanisa walikuja na sufuria zao kubwa, leso zimefungwa kiunoni, wakauliza maji yako wapi. Niliwaonyesha. Ile ilikuwa wiki ambayo mgao ulikuwa umekuja vizuri, na mitungi yote saba ya lita ishirini ilikuwa imejaa, imepangwa ukutani jikoni.

Walimimina mtungi mzima kwenye sufuria ya kwanza. Wakamimina wa pili kwenye ile ya wali. Mtu aliosha vikombe chini ya jagi linalomwagika, suuza moja, suuza mbili, na maji yakapotea sinkini bila kusaidia lolote. Watoto wa jirani waliingia kuomba maji ya kunywa, wakapewa glasi zilizojaa, wakanywa nusu, wakaacha nusu mezani. Wazee waliokaa sebuleni walipitishiwa jagi kila baada ya sala. Nilikaa kwenye kochi na nilikuwa naona kila tone. Hasira haikuja. Nilisubiri ije, kwa mazoea, na haikuja.

Mwanamke mmoja aliniinamia na glasi. “Kunywa kidogo, mwalimu. Umekauka.”

Nikanywa. Nilikunywa yote bila kupumua, akanijazia nyingine, nikanywa hiyo pia.

Saa mbili mitungi yote saba ilikuwa mitupu, na kaka alikuwa mlangoni anapiga simu kuagiza lori la maji. Lita mia moja na arobaini. Mimi ni mwalimu, sikuweza kuacha kujumlisha. Zilitoka nyumbani kwangu katika muda wa saa tatu, nami sikumwambia mtu yeyote apunguze. Mama aliniomba kikombe kimoja.